Mtoto Shambani kwa Baba Yake: Historia ya Sheria za Kazi za Hatari kwa Watoto, kwa Kuuangalia Uwanda wa Makonde

1. Utangulizi

Katika kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 4, tunasoma habari za mwanamke Mshunami na mwanawe. Wahubiri wengi huikimbilia sehemu ile ambapo nabii Elisha anafika na mtoto anarudishiwa uhai. Ni nadra kusikia mahubiri juu ya aya ya 18 hadi ya 20, ambazo zaeleza jinsi mauti yalivyoingia katika nyumba ile. Mtoto alipokua alitoka siku moja akamwendea baba yake, aliyekuwa pamoja na wavunaji. Huko shambani akashikwa na maumivu ya kichwa, akamlilia baba. Baba hakuiacha kazi ya mavuno. Alimwagiza mtumishi amchukue mtoto ampeleke kwa mama yake. Akakaa magotini pa mama hata adhuhuri, kisha akafa.

Maandiko hayasemi kwamba mtoto yule alikuwa akifanya kazi, wala hayamhukumu baba. Baba huyo hakuwa mtu mkatili. Alikuwa mkulima wakati wa mavuno, na mavuno hayangoji. Lakini ni jambo la kufikiriwa kwamba mtoto huyu hakupatwa na mabaya katika nyumba ya adui, wala mikononi mwa tajiri mgeni. Yalimpata shambani kwa baba yake.

Katika makala hii tunakusudia kufuatilia historia ya sheria zinazomkataza mtu ambaye hajafikia utu uzima kufanya kazi za hatari, na tutaifuatilia tukiwa tumesimama mahali pamoja, yaani Masasi na Newala, katika uwanda wa Makonde na kando yake, kusini mashariki mwa nchi yetu. Hoja yetu ni hii: kwa muda mrefu sheria zimekilinda kiwanda, mgodi na meli, lakini zimesita mlangoni pa nyumba na mpakani mwa shamba la familia. Katika uwanda wa Makonde, na katika sehemu kubwa ya Tanzania, hatari ya mtoto iko huko huko ambako sheria zilisita. Sheria zilipovuka mpaka huo hatimaye, hazikuwa na miguu ya kuzifikisha kijijini. Kanisa lina miguu hiyo. Swali ni kama linapenda kuitumia.

2. Masasi: mtoto aliyekuwa bidhaa

Historia ya Ukristo katika pande hizi ilianza na watoto waliotumikishwa. Katika karne ya 19 misafara ya watumwa ilitoka pande za Ziwa Nyasa kuelekea Kilwa na pwani, ikipita katika nchi ya kusini. Wengi katika misafara hiyo walikuwa wavulana na wasichana, kwa maana mtoto hapigani sana, hutembea akitishwa, na husahau upesi njia ya kurudi kwao. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kuzuia biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, na soko la Unguja likafungwa. Mahali pale pale Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, iliyojulikana kwa kifupi UMCA, ilijenga kanisa kuu.

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliongoza kundi la watu waliokombolewa utumwani, akatoka nao pwani ya Lindi kwa miguu, akiwa na nia ya kuwarudisha karibu na makwao upande wa Nyasa. Walipofika Masasi wakakaa. Hivyo mji wa kwanza wa Kikristo katika sehemu hizo ulikuwa mji wa watu ambao wengi wao walikuwa wamenyang'anywa utoto wao. Wala amani haikudumu. Mwaka 1882 Wangoni walioitwa Magwangwara waliishambulia Masasi wakachukua mateka, na mwaka 1905, wakati wa vita vya Maji Maji, misheni ilichomwa moto.

Tunayakumbusha haya kwa sababu sheria ya kwanza kuhusu kazi ya mtoto katika nchi hizi ilikuwa ile inayosema kwamba mtu si bidhaa. Serikali ya Kijerumani haikuufuta utumwa moja kwa moja. Ni serikali ya Kiingereza iliyoufuta kisheria katika Tanganyika mwaka 1922. Tangu hapo hakuna mtu aliyeweza kusema mbele ya hakimu kwamba mtoto fulani ni mali yake. Hilo lilikuwa jambo kubwa. Hata hivyo lilibaki swali la pili, nalo ni gumu zaidi: mtoto ambaye si mali ya mtu, bali ni mwana wa baba na mama, anaweza kutumwa kazi gani?

3. Sheria zilizoandikwa mbali

Swali hilo la pili lilikuwa limekwisha kuulizwa Ulaya, mahali penye viwanda vya pamba na migodi ya makaa ya mawe. Mwaka 1833 Bunge la Uingereza lilikataza kuwaajiri watoto walio chini ya miaka 9 katika viwanda vingi vya nguo, likaweka wakaguzi wa serikali. Mwaka 1842 likakataza wanawake wote, na wavulana walio chini ya miaka 10, kufanya kazi chini ya ardhi migodini. Prussia, nchi ambayo Walutheri wengi wanaihesabu katika historia ya kanisa lao, ilitoa amri yake mwaka 1839: mtoto chini ya miaka 9 asiajiriwe kiwandani wala mgodini, na aliye chini ya miaka 16 asifanyishwe kazi zaidi ya saa 10 kwa siku. Si huruma peke yake iliyoleta amri hiyo. Majenerali walikuwa wamelalamika kwamba vijana waliotoka katika sehemu za viwanda walikuwa dhaifu, hawafai jeshini.

Mwaka 1903 Ujerumani ilitoa sheria nyingine ya kuwalinda watoto, na jambo jipya ndani yake ni kwamba iliingia hata katika karakana ya baba na kumwekea mipaka juu ya wanawe mwenyewe. Lakini iliacha kilimo nje. Kwa mtoto wa Lindi au Newala, aliyekuwa wakati huo chini ya bendera ya Ujerumani, sheria hiyo haikuwa na maana yoyote. Iliandikwa kwa ajili ya watoto wa Berlin.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mwaka 1919, likaanzishwa Shirika la Kazi Duniani. Katika mkutano wake wa kwanza lilipitisha Mkataba Na. 5 ulioweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa katika viwanda, na Mkataba Na. 6 uliozuia kazi za usiku viwandani kwa vijana walio chini ya miaka 18, isipokuwa kazi chache zilizotajwa. Mwaka 1921 ikaja mikataba iliyotaja hatari yenyewe: kijana chini ya miaka 18 asitumiwe kuchochea tanuri za meli, wala kupaka rangi zenye risasi nyeupe katika kazi za viwanda. Hapa twaona wazo lililokuwa linakua, kwamba kuna umri wa kuanza kazi, na tena kuna umri mwingine, ulio mkubwa zaidi, wa kuanza kazi inayodhuru.

Lakini msomaji atazame kwa makini yale yaliyoachwa. Mkataba Na. 5 haukuhusu kiwanda ambacho wanaofanya kazi ni watu wa familia moja tu. Mkataba Na. 10 wa mwaka 1921, uliohusu kilimo, haukuuliza kama kazi ya shamba inadhuru. Uliuliza tu kama inamzuia mtoto kwenda shule. Watunga sheria waliamini kwamba shamba ni mahali salama, na kwamba jicho la baba linatosha. Kwa mkulima wa wakati ule mwenye jembe na mundu, imani hiyo haikuwa ya kipumbavu.

4. Tanganyika: kipande, manamba na umri wa kuonekana

Katika Tanganyika sheria za kazi zilianza kwa kumfikiria bwana kabla ya mtumishi, kama lionyeshavyo jina la sheria ya mwaka 1923 iliyohusu mabwana na watumishi wenyeji. Mwaka 1926 Meja Orde-Browne aliwekwa kuwa mkuu wa Idara mpya ya Kazi, naye akachunguza hali za wafanyakazi katika mashamba makubwa. Idara hiyo ilifutwa mwaka 1931, wakati wa shida ya uchumi duniani, ikaja kurudishwa baadaye. Wakati huo watu wa kusini waliitwa katika mashamba ya mkonge ya Lindi na Mikindani, na wengine wakaenda mbali kuwa manamba huko Tanga. Kodi ilidai fedha, na fedha ilipatikana kwa kipande cha siku 30. Baba alipoondoka, kazi zake nyumbani hazikuondoka pamoja naye. Zilibaki kwa mama na watoto.

Hapo ndipo ilipokuwa hatari ya kila siku ambayo hakuna sheria iliyoitaja. Uwanda wa Makonde una udongo wa kichanga unaonywa mvua mara moja. Juu yake hakuna mito, na chemchemi ziko chini, kwenye miteremko na mabondeni. Mjerumani Karl Weule, aliyekaa Newala mwaka 1906, alishangazwa na jinsi watu walivyopenda kukaa juu mbali na maji. Vizazi vingi vya wasichana wa Newala vimeteremka na kupanda njia hizo na maji kichwani, kabla mabomba hayajaanza kupanda uwandani katika miaka ya 1950. Hakuna mkaguzi wa kazi aliyeuliza mtungi ulikuwa na uzito gani.

Sheria ya Ajira ya mwaka 1955 ndiyo iliyokaa muda mrefu kuliko zote, kwani ilitumika katika ukoloni wa mwisho, ikapita Uhuru na Azimio la Arusha, hata kuingia karne ya 21. Ilikataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 12. Aliye kati ya miaka 12 na 15 aliruhusiwa kufanya kazi ya kutwa tu, kwa ujira wa siku, na ilipasa arudi kulala kwa wazazi au walezi wake kila usiku. Kijana wa chini ya miaka 18 alizuiwa kazi zinazodhuru afya yake.

Twaweza kuisifu sheria ile kwa kuelewa kwamba usiku wa mtoto ni wa nyumbani. Lakini kulikuwa na neno moja ndani yake linalostahili kufikiriwa. Haikusema tu umri. Ilisema umri wa kuonekana. Watoto wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo mwajiri na mkaguzi walipaswa kumtazama mtoto na kukisia. Mtoto mwenye mwili mkubwa alikuwa mtu mzima kwa macho ya aliyemhitaji. Mtoto aliyedumaa kwa njaa alikuwa salama kidogo kisheria, kwa sababu ya njaa yake.

5. Nani ni mtu mzima?

Katika uwanda wa Makonde, hata hivyo, umri haukuhesabiwa kwa macho wala kwa kalenda. Ulihesabiwa kwa jando na unyago. Mvulana aliyepitia jandoni alirudi akiwa na jina jipya na heshima mpya, na hakutazamiwa tena kucheza na wadogo. Hatutaki kueleza mambo ambayo wenyewe hawayatangazi hadharani. Tunasema tu lile linalojulikana na wote, kwamba wengi huingia wakiwa watoto kabisa kwa hesabu ya miaka, na hutoka wakiwa wakubwa kwa hesabu ya kijiji. Mkubwa hupewa kazi za wakubwa.

Wamisionari wa kwanza wa Masasi walisumbuliwa na jambo hili. Padre Vincent Lucas, aliyefika Masasi mwaka 1909 na kuwa Askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi mwaka 1926, aliamua kutolipiga marufuku jando bali kuliingiza katika maisha ya Kanisa. Mwaka 1913 likafanyika jando la Kikristo la kwanza. Kumekuwa na mabishano mengi juu ya uamuzi huo, na sisi Walutheri, ambao tulifika pande hizo tukiwa wachache na kwa kuchelewa, hatuna haki ya kuwa waamuzi. Lakini kuna somo moja la historia ambalo hatupaswi kulipoteza. Lucas alitambua kwamba swali la nani ni mtu mzima si la serikali peke yake. Yeyote anayemtangaza mtoto kuwa mkubwa amechukua dhamana ya yale atakayotwishwa kesho yake.

Sisi nasi tunayo ibada ya namna hiyo. Kipaimara huwafikia vijana wetu wakiwa na miaka 13 au 14. Tunawavika mavazi meupe, tunawawekea mikono, na wazazi wanasema kwa furaha kwamba sasa amekuwa mtu mzima. Sheria ya nchi inasema hajawa. Je, sisi tunasemaje?

6. Mkorosho

Katika nusu ya pili ya karne ya 20 mkorosho uliubadilisha uwanda wa Makonde kuliko sheria yoyote. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho tani 145,000 hivi, sehemu kubwa ikitoka kusini. Kisha yakaja mambo mawili pamoja. Watu walihamishiwa katika vijiji vya ujamaa, wakaiacha mikorosho yao mbali, na ugonjwa wa ubwiri unga ukashambulia maua. Kufikia msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa yameshuka hadi chini ya tani 20,000. Viwanda vya kubangua korosho vilivyojengwa kwa mikopo ya nje, vikiwamo vya Newala na Masasi, vilikosa kazi, na vingi vikafungwa.

Mambo hayo mawili yalikuwa na matokeo kwa watoto ambayo hayakuandikwa katika taarifa za mavuno.

La kwanza ni salfa. Watafiti, hasa wa Naliendele, walionyesha kwamba ubwiri unga huzuiwa kwa kupuliza salfa ya unga juu ya maua, na mavuno yakainuka tena, hata kupita tani 300,000 katika msimu wa 2017/18. Ni baraka kwa watu wa kusini. Lakini salfa hupulizwa kati ya mwezi wa Juni na Agosti, alfajiri, wakati upepo umetulia na maua yana umande, na unga wake huwasha macho, ngozi na mapafu. Mashine hubebwa na mtu mwenye nguvu. Lakini lazima awepo wa kubeba mfuko wa salfa, wa kujaza mashine, wa kuleta maji. Katika familia isiyo na fedha ya kuajiri kibarua, huyo ni nani? Tena mwezi wa Juni shule huwa zimefungwa.

La pili ni ubanguaji. Kiwanda kilipofungwa, kazi yake haikufa, ilihamia uani. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayochoma ngozi, na moshi wa korosho zinazochomwa katika pipa au bati huchoma macho na koo. Katika kiwanda kulikuwa na sheria, na mkaguzi aliweza kuingia. Uani kwa mama hakuna mkaguzi. Kwa hiyo kazi ile ile ambayo mtoto wa miaka 15 angekatazwa kuifanya chini ya paa la kiwanda, mtoto wa miaka 10 anaweza kuifanya chini ya mwembe bila mtu kuuliza.

Mwaka mmoja tulikuwa Mnyambe, katika wilaya ya Newala, kwa ajili ya mafundisho ya kipaimara. Kijana mmoja alipokea kitabu kwa mikono iliyobabuka, vidole vyeusi, ngozi ikitoka. Kwa mwili wake tungemkadiria miaka 16. Tulipofungua daftari la ubatizo tukaona ana 13. Jioni tulizungumza na mzee mmoja wa usharika, tukamweleza kwamba sheria inakataza kazi ya namna ile. Alitusikiliza kwa heshima, kisha akasema, "Baba Mchungaji, sheria hiyo ni nzuri. Lakini imewahi kulima?"

Tulimjibu, "Hapana, Mzee wangu," tukanyamaza. Jibu hilo halikutosha, na makala hii kwa sehemu ni jaribio la kumjibu tena.

7. Sheria zinavuka mpaka wa shamba

Mwaka 1973, msimu ule ule wa mavuno makubwa ya korosho, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Na. 138, uliosema kwamba kazi inayoweza kuhatarisha afya, usalama au maadili ya kijana isifanywe na aliye chini ya miaka 18. Hata hapo nchi zinazoendelea ziliruhusiwa, kwa kuanzia, kuacha nje mashamba madogo ya familia yanayolima kwa ajili ya matumizi ya mahali pale na yasiyoajiri vibarua mara kwa mara. Mkulima wa Newala hakula korosho zake zote. Ziliuzwa, zikapakiwa Mtwara, zikavuka bahari hadi India. Shamba lake ni dogo, lakini soko lake ni la dunia nzima, na hatari iliyoletwa na soko hilo haikuwa ndogo kwa kuwa shamba ni dogo.

Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1989, na Tanzania ikauridhia mwaka 1991. Mwaka 1998 nchi yetu iliridhia Mkataba Na. 138, ikitaja miaka 14 kuwa umri wa chini wa kazi. Mwaka 1999 ukapitishwa Mkataba Na. 182 juu ya aina mbaya kupita zote za kazi za watoto, na Tanzania ikauridhia mwaka 2001. Katika mwaka huo huo Tanzania, El Salvador na Nepal zilikuwa nchi tatu za kwanza kuanza mpango wa kuziondoa kazi hizo kwa muda maalumu. Kwetu macho ya watu yalielekezwa kwenye mashamba ya biashara, migodi, kazi za ndani na biashara ya ngono. Taifa lilikuwa limesikia habari za wavulana wa Mererani walioitwa nyoka, kwa sababu walipenya katika mashimo membamba ya tanzanite ambamo mtu mzima hakuweza kupita.

Ndipo Bunge likapitisha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004. Kifungu cha 5 chasema kwamba mtoto wa chini ya miaka 14 asiajiriwe kabisa. Aliyefikia miaka 14 apewe kazi nyepesi tu, isiyodhuru afya na makuzi yake wala kuvuruga masomo yake. Na aliye chini ya miaka 18 asiajiriwe mgodini, kiwandani, melini, wala mahali pengine popote pa kazi zenye hatari, pamoja na sekta isiyo rasmi na kilimo. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo cha mwaka mmoja, au vyote viwili. Sheria ya Mtoto, Na. 21 ya mwaka 2009, iliongeza kwamba mtoto ni kila mtu aliye chini ya miaka 18, ikakataza kumfanyisha kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, na ikataja miongoni mwa kazi za hatari kubeba mizigo mizito, na kazi katika viwanda vinavyotengeneza au kutumia kemikali. Kanuni za Ajira ya Mtoto za mwaka 2012 zikaorodhesha kazi hizo kwa mapana.

Msomaji aone safari iliyofanyika. Mwaka 1921 kilimo kilihesabiwa kuwa salama ilimradi mtoto aende shule. Mwaka 2004 kilimo kimetajwa kwa jina karibu na mgodi. Sheria imevuka mpaka wa shamba. Lakini bado inatumia neno kuajiri, na baba hamwajiri mwanawe. Na hata pale inapomfikia baba, nani atampeleka mahakamani? Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2014 ulikadiria kwamba watoto milioni 4.2 wa miaka 5 hadi 17 katika Tanzania Bara walikuwa katika ajira ya watoto, na kwamba zaidi ya milioni 3 kati yao walikuwa katika kazi za hatari. Wengi walikuwa katika kilimo. Magereza hayawezi kuwa jibu la tatizo lenye ukubwa huo.

8. Miaka minne iliyosahauliwa

Kuna jambo moja zaidi, nalo ndilo tunaloliona kuwa kiini cha shida. Mtoto humaliza darasa la saba akiwa na miaka 13 au 14. Mtihani hufanyika mwezi wa Septemba, na kidato cha kwanza huanza Januari. Miezi hiyo ya katikati ndiyo msimu wa korosho. Mtoto hana shule, miti ina mazao, na wanunuzi wamefika, wa chama cha msingi na wa kangomba. Asiyechaguliwa, au aliyechaguliwa lakini hana sare na nauli, hubaki pale pale Januari ikipita. Ada ya sekondari ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilifutwa mwaka 2016, na hilo limesaidia wengi, lakini umbali na njaa havikufutwa pamoja na ada. Kati ya miaka 14 na 18 mtoto huyu ni mkubwa mno kwa shule ya msingi, na mdogo mno kwa kazi ya hatari. Sheria inamwambia asifanye nini. Haimwambii afanye nini.

Martin Luther alikutana na wazazi wenye hoja hiyo hiyo. Katika mahubiri yake ya mwaka 1530 juu ya kuwapeleka watoto shule, aliwakemea waliowaondoa watoto masomoni kwa ajili ya faida ya fedha, akafundisha kwamba serikali inayoweza kuwalazimisha raia kushika silaha wakati wa vita inaweza pia kuwalazimisha kuwapeleka watoto shule. Lakini Luther huyo huyo, mwaka 1524, alikuwa amewaandikia madiwani wa miji akiwataka wafungue shule na kuzigharimia. Hakumkemea mzazi pasipo kumdai mkubwa wa mji. Tukitaka kuwa wanafunzi wake wa kweli tusichukue nusu moja ya fundisho na kuiacha nyingine.

Ni kweli kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Hatumtetei mtoto mvivu, wala hatusemi kwamba kuokota korosho pamoja na bibi baada ya masomo ni dhambi. Kazi nyepesi ni shule, na sheria yenyewe yairuhusu. Tunasema kwamba kuna kazi inayomkunja samaki, na kuna kazi inayomvunja. Mzazi ajue kuzitenganisha: kuokota na kupanga, ndiyo, salfa, moshi wa kubangulia na gunia zima kichwani, hapana, hata kama ni mwanawe mwenyewe, hata kama amekwisha toka jandoni au kupata kipaimara.

9. Hitimisho: daftari la ubatizo

Kanisa lifanye nini? Tunataja mambo matatu yaliyo ndani ya uwezo wa usharika wowote.

Kwanza, daftari la ubatizo litunzwe na litumiwe. Sheria ya 1955 ilikuwa na udhaifu wa kukisia umri kwa macho. Katika vijiji vyetu daftari hilo mara nyingi ndilo andiko la kwanza linalosema mtoto alizaliwa lini. Mchungaji anayeandika tarehe kwa uzembe amempokonya mtoto kinga yake. Anayeiandika sawasawa, na kuwahimiza wazazi watafute cheti cha serikali, ameifikisha sheria mahali ambapo mkaguzi hafiki.

Pili, katika mafundisho ya kipaimara amri ya tano ifundishwe mpaka iguse shamba. Katekisimu yatufundisha kwamba amri hiyo haikatazi kuua tu. Inatutaka tusimdhuru jirani katika mwili wake, bali tumsaidie. Mwana ni jirani wa kwanza wa baba yake. Na siku ya kumwekea kijana mikono tuwaambie wazazi waziwazi kwamba amekuwa mkubwa katika imani, mwili wake bado unakua.

Tatu, tuyatazame mavuno tunayoyapokea madhabahuni. Kila mwaka magunia ya korosho huletwa kanisani kwa shangwe, nasi huyabariki. Ni mara ngapi tumeuliza ni nani aliyabeba? Nehemia, katika sura ya 5 ya kitabu chake, aliwasikia watu wakilia kwamba wana na binti zao wanatiwa utumwani kwa sababu ya madeni, na hakuwahubiria wazazi. Aliwaita wakubwa akawadai warudishe mashamba na kuacha riba. Usharika unaochangia ujira wa kibarua mzima wa kupuliza salfa kwa mjane mmoja umefanya kazi ya Nehemia. Umemfikisha mtoto mmoja Januari akiwa na mapafu mazima.

Mzee wa Mnyambe aliuliza kama sheria imewahi kulima. Tungemwona tena tungemwambia: Mzee wangu, haijawahi, na ndiyo maana ilichelewa kufika shambani kwako. Lakini wale walioiandika waliyaona mapafu ya watoto wa viwandani na mikono ya watoto wa migodini, nawe umeiona mikono ya mjukuu wako. Mmeona jambo moja. Yule baba wa Shunemu alimsikia mtoto akilia, akamtuma mtumishi. Sisi tunaomba kwamba safari hii baba aliache gunia, ambebe mwana mwenyewe, na ampeleke nyumbani kabla ya adhuhuri.